Historia Imo Katika Kanuni

Tarehe 3 Desemba 1971, katika shule moja ya mjini Minneapolis, Marekani, wanafunzi wa darasa la historia waliizunguka mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa mbali na hapo. Aliyewaletea mashine hiyo, Don Rawitsch, alikuwa bado mwanachuo wa ualimu aliyepelekwa mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilikuwa safari ya wahamiaji wa karne ya 19 waliotoka Missouri kwenda Oregon, karibu kilomita 3,300 kwa magari ya kukokotwa na maksai, na vijana wawili aliokuwa akiishi nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walimsaidia kuigeuza safari hiyo kuwa programu. Hapakuwa na skrini. Hapakuwa na picha ya gari, wala ya mto, wala ya mlima. Mashine ilichapa maneno kwenye karatasi: umebakiwa na chakula kiasi hiki, risasi kiasi hiki, pesa kiasi hiki, je, utawinda, utasimama ngomeni ununue vitu, au utaendelea na safari? Mwanafunzi alijibu kwa namba. Aliyetaka kuwinda alitakiwa kuandika neno la mlio wa bunduki upesi iwezekanavyo, na kompyuta ikapima kasi ya vidole vyake ili iamue kama amepata nyama au amepoteza risasi bure. Mchezo huo ndio uliokuja kujulikana kama The Oregon Trail, na vizazi kadhaa vya watoto wa Marekani vimejifunza historia ya nchi yao kupitia humo.

Miaka mitatu baadaye Rawitsch aliajiriwa na MECC, taasisi ya jimbo la Minnesota iliyopeleka kompyuta mashuleni, naye akaiandika upya programu hiyo kutoka kwenye nakala ya karatasi aliyokuwa ameitunza. Safari hii hakutaka kubahatisha. Alisoma shajara za wahamiaji wenyewe, akaangalia mvua ya mawe iliwapata mara ngapi, magonjwa mara ngapi, magari kuharibika mara ngapi, kisha akarekebisha uwezekano wa kila tukio ndani ya programu ufuate yale yaliyoandikwa na watu waliopita njia ile. Shajara zilimwonyesha pia kwamba wenyeji wa nchi ile waliwasaidia wageni mara kwa mara, basi katika mchezo wakawemo wenyeji wanaomwonyesha msafiri mahali pa kupata chakula. Huu ni utafiti wa kihistoria hasa, ila matokeo yake hayakuandikwa kwa sentensi wala kuchorwa kwa picha. Yaliandikwa kwa uwezekano: asilimia fulani ya kufa, asilimia fulani ya kuokolewa na mtu usiyemjua.

Mchezo huu usio na picha unafaa kutangulia kwa sababu unaonyesha jambo ambalo gemu za leo, kwa uzuri wake unaopumbaza macho, zinalificha. Watu wakiuliza kama gemu fulani imeisawiri historia sawasawa, karibu kila mara wanatazama kuta, mavazi, panga na majengo. Hivyo vina umuhimu wake. Lakini gemu husimulia historia kwa kanuni zake kabla ya kitu kingine chochote: mchezaji anaruhusiwa kufanya nini, anazuiwa nini, kitu gani kinamgharimu, kitu gani kinamletea ushindi. Mtu anayecheza bao hahitaji kuambiwa jambo hili. Ubao ni mashimo matupu na kete ni mbegu tu, lakini kanuni za kuteka zinamfanya mchezaji aishi ndani ya uchumi wa kuvuna, kulinda nyumba na kumfilisi mwenzake. Hoja yangu ni kwamba gemu ya kihistoria inaweza kuwa na mawe ya kweli yote na bado ikasema uongo, na inaweza kuwa haina jiwe hata moja na ikasema kweli, kwa sababu ukweli wake au uongo wake umo katika kanuni.

Kwa kipimo hicho hicho, The Oregon Trail yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa kuliko ubovu wowote wa michoro. Mchezaji aliweza kuwa mhamiaji tu. Ushindi ulikuwa kufika na kukaa. Hapakuwa na kanuni iliyomuuliza ardhi anayoifikia ni ya nani, wala iliyohesabu maisha ya waliokuwa wakiishi juu yake. Shajara zilizosahihisha idadi ya magonjwa hazikuweza kusahihisha hilo, kwa kuwa waandishi wake walikuwa upande mmoja wa safari. Ndiyo maana toleo lililotolewa mwaka 2021 liliwaita wanahistoria wa mataifa asilia ya Marekani washauri, nalo likawapa wachezaji wahusika na simulizi za watu hao. Kosa lilikuwa la kanuni, na rangi nzuri zisingeliondoa.

Mwaka 1991 Sid Meier na Bruce Shelley walitoa Civilization, mchezo ambao pengine umewafanya watu wengi kuifikiria historia ya dunia nzima kuliko mwingine wowote. Mchezaji huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na kundi dogo la walowezi, na humaliza ama akiwa ameitawala dunia ama akiwa ametuma chombo angani. Toleo la kwanza lilikuwa na staarabu 14; Afrika iliwakilishwa na Wamisri na Wazulu. Matoleo yaliyofuata yaliongeza mataifa mengi, na mwambao wetu pia ukaingia: Zanzibar imo katika Civilization VI kama dola ya mji, na anayepata upendeleo wake hupewa karafuu na mdalasini. Wimbo wa ufunguzi wa Civilization IV wa mwaka 2005, “Baba Yetu” wa Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Wasemaji wa Kiswahili wana haki ya kuufurahia. Lakini lugha yetu ilipewa nafasi mlangoni. Ndani ya nyumba kanuni zilibaki zile zile. Nchi isiyo na mji wa mchezaji ni tupu na inangoja kuchukuliwa. Elimu hupanda ngazi moja kwa wote. Asiyetanuka humezwa.

Aliyelieleza tatizo hili kwa uwazi kuliko wengi ni Milton Tootoosis, kiongozi katika Taifa la Poundmaker Cree nchini Kanada. Januari 2018, ilipotangazwa kwamba chifu Poundmaker ataingia katika Civilization VI, Tootoosis alilalamika hadharani kwamba mchezo unaendeleza hadithi ya kikoloni, kana kwamba watu wake nao walikuwa na shabaha ya kuwashinda wengine na kuwanyang'anya ardhi. Poundmaker wa historia anajulikana kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1885, baada ya majeshi ya Kanada kushambulia kambi yake huko Cut Knife na kushindwa, aliwazuia wapiganaji wake wasiwafuate askari waliokuwa wakikimbia, na hivyo akaokoa roho za adui zake. Hata hivyo alihukumiwa kwa uhaini, akafa mwaka 1886 muda mfupi baada ya kutoka gerezani. Serikali ya Kanada ilimsafisha jina mwaka 2019. Watengenezaji walimpa sura nzuri, wakaweka muziki wa asili na lugha ya Kikrii, na hapana shaka walifanya hivyo kwa heshima. Lakini kitendo kilichomfanya akumbukwe, kumwacha adui aondoke, si ushindi katika mchezo ule. Sura ilikuwa yake na kanuni zilikuwa za waliomfunga.

Sasa tuelekee Paris, mahali ambapo mawe yalishughulikiwa kwa bidii isiyo na mfano. Novemba 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Unity, gemu inayomweka mchezaji ndani ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mchoraji Caroline Miousse alitumia zaidi ya mwaka mmoja kwa kanisa la Notre-Dame pekee, na majengo makuu ya mji yalisimamishwa karibu kwa ukubwa wake halisi. Kanisa hilo lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, Ubisoft iliahidi euro 500,000 za ukarabati na ikaigawa gemu hiyo bure kwa wiki moja, na punde ukaenea uvumi kwamba mafundi wangelijenga upya kanisa kwa kutumia mchezo huo. Haikuwa hivyo. Vipimo vya leza vilivyochukuliwa na msomi Andrew Tallon na wengine kabla ya moto ndivyo vilivyokuwa na usahihi wa kuwafaa mafundi. Notre-Dame ya mchezo ina hata mnara mwembamba wa msanifu Viollet-le-Duc, ambao ulijengwa katikati ya karne ya 19. Wakati wa Mapinduzi mnara wa kale ulikuwa unaondolewa au umekwisha kuondolewa, na paa lilikuwa bila mnara. Watengenezaji walijua. Waliuweka kwa sababu mchezaji wa leo asingelitambua kanisa bila huo. Mimi siwalaumu sana kwa mnara. Ni kosa linaloonekana, na kosa linaloonekana hurekebishwa na mtu yeyote mwenye picha ya zamani.

Kosa zito zaidi halikuonekana kwa macho. Mwezi huo huo wa Novemba mwanasiasa Jean-Luc Mélenchon, aliyekuwa amegombea urais mwaka 2012, aliishambulia gemu hiyo redioni akisema inamfanya Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi, kuwa dude la kutisha na kuwatukana watu wa Ufaransa waliofanya Mapinduzi. Walicheka wengi. Mtu mzima, tena mgombea urais, anagombana na mchezo? Lakini tazama kanuni zenyewe. Katika hadithi ya Unity, uhaba wa mkate ni njama: watu wa siri wanaficha nafaka ili wananchi wakasirike. Mwaka 1788 hali halisi ilikuwa mavuno mabaya, mvua ya mawe iliyoharibu mashamba mwezi Julai, ushuru uliowalemea maskini na hazina iliyofilisika, na bei ya mkate ikapanda hadi Oktoba 1789 wanawake wa Paris wakatembea kwa miguu hadi Versailles kumdai mfalme. Katika mchezo mfululizo huo wa sababu umekatwa, na badala yake pamewekwa mkono mmoja uliojificha. Kisha ule umati wenyewe, maelfu ya watu ambao kompyuta za mwaka 2014 zilijivunia kuwaonyesha kwa pamoja: mchezaji anaweza kufanya nini nao? Anaweza kujificha ndani yao. Wanapiga kelele, wanachoma vinyago, wanainua vichwa kwenye mikuki, lakini hakuna anachoweza kudai pamoja nao. Wale walioipindua serikali wamekuwa kichaka cha kumfunika muuaji mmoja. Wanahistoria walishauri, majengo yakachunguzwa dirisha kwa dirisha, na bado kanuni ikafundisha kwamba historia hutengenezwa na wachache walio gizani huku wananchi wakiwa pazia. Mélenchon alikuwa na siasa zake, lakini alikuwa amegusa penyewe.

Kuna pingamizi linalokuja haraka hapa: hii ni burudani, anayetaka historia na asome kitabu. Ningelikubali pingamizi hili kama watengenezaji wenyewe wangelikubali. Lakini gemu hizi zinauzwa kwa jina la historia. Kampuni zinatangaza wanahistoria wao, zinaonyesha ramani za kale, na Ubisoft imeshatoa matoleo maalumu ya shule. Zaidi ya hapo, burudani ndiyo njia ambayo historia imekuwa ikiwafikia watu wengi tangu zamani, kwa tendi, ngoma na hadithi za jioni. Mtunzi wa utenzi wa vita hakuachiliwa asiulizwe alikopata habari zake kwa kuwa alikuwa akiwaburudisha wasikilizaji. Mtu anayetumia saa 60 ndani ya Paris ya kompyuta atakuwa na Paris hiyo kichwani hata akikusudia kuisahau.

Pingamizi jingine ni zito zaidi na linastahili jibu refu. Wanasema: gemu lazima imwachie mchezaji uhuru wa kuchagua na uwezekano wa kushinda, ilhali yaliyopita yamekwisha kupita na hayabadiliki, kwa hiyo kanuni za mchezo haziwezi kamwe kuwa kweli, na tulichobaki nacho ni picha. Naona hoja hii inaelewa vibaya kazi ya historia. Mwanahistoria haorodheshi yaliyotokea tu. Anaeleza kwa nini yalitokea hayo na si mengine, na hawezi kueleza hivyo bila kujua watu wa wakati ule walikuwa na njia gani mbele yao. Kanuni ya mchezo inaweza kubeba elimu hiyo vizuri kuliko aya nyingi. Mfano ninaoupenda ni Kingdom Come: Deliverance, iliyotengenezwa Prague na kutolewa mwaka 2018, inayohusu Bohemia ya mwaka 1403. Mhusika wake, Henry, ni mtoto wa mhunzi. Mchezaji akifungua kitabu mwanzoni, anakuta maneno yameparaganyika, herufi zimehamahama, hasomi chochote. Akitaka kusoma, lazima aende kwa mwandishi katika kijiji cha Uzhitz, amlipe, ajifunze. Na hata baada ya hapo maneno hukaa sawa polepole kadiri anavyozidi kusoma. Hakuna mtu anayesimama kutoa mhadhara kwamba wanakijiji wengi wa Ulaya ya karne ya 15 hawakujua kusoma. Mchezaji ameshika barua mkononi, habari anayoihitaji imo, naye haimfikii. Mchezo huo ulilaumiwa vikali kwa mambo mengine, hasa jinsi ulivyowaonyesha wageni na wanawake, na lawama hizo zina mashiko. Lakini katika suala la kusoma umeifahamu historia kupitia kanuni, na uhuru wa mchezaji haukuwa kikwazo.

Pale kanuni inapopotoka, hata nia njema haiokoi. Kampuni moja ya Copenhagen, Serious Games Interactive, ilitengeneza mchezo wa kuwafundisha watoto kuhusu biashara ya utumwa ya Atlantiki, Playing History 2: Slave Trade. Lengo lilikuwa watoto waone unyama wa meli zile. Katika sehemu moja mchezaji alitakiwa kuwapanga mateka ndani ya tumbo la meli kwa mtindo wa Tetris: miili ikashuka kutoka juu ikiwa imekunjwa maumbo mbalimbali, naye akaizungusha ili itoshee bila kuacha nafasi. Mwaka 2015 watu wengi duniani walipoiona sehemu hiyo, hasira zao zikailazimisha kampuni kuiondoa. Ni kweli kwamba wafanyabiashara wa utumwa waliwapanga watu kwa hesabu ya nafasi. Michoro ya meli zao ipo hadi leo. Hakukuwa na uongo katika picha. Uongo ulikuwa kumpa mtoto furaha ya kupanga vizuri, kumfanya apate alama kwa ustadi ule ule uliomfaidisha nahodha. Vidole vyake vilifunzwa kazi ya muuzaji, na hakuna maandishi ya maonyo yanayoweza kushindana na vidole.

Wengine waliona heri kukaa kimya. Katika Colonization ya Sid Meier ya mwaka 1994, mchezaji hujenga makoloni Amerika, hulima tumbaku, pamba na miwa, na hakuna Mwafrika mtumwa hata mmoja. Mashamba yanastawi bila watumwa. Kati ya kimya hicho na ile Tetris kuna Freedom Cry ya mwaka 2013, ambamo mchezaji ni Adéwalé, mtu aliyewahi kuwa mtumwa na sasa ni nahodha katika Karibea ya miaka ya 1730. Tarehe zake zina kasoro. Inatuonyesha Port-au-Prince, ilhali mji huo ulianzishwa mwaka 1749. Kanuni zake nazo zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Kwa upande mmoja, watu unaowakomboa huhesabiwa, na idadi ikifika kiasi fulani hufunguliwa silaha bora, hivyo uhuru wao unageuka kuwa sarafu. Kwa upande mwingine, ukiivamia meli ya watumwa, mzinga wako ukikosea na kuipiga meli yenyewe badala ya walinzi wake, waliofungwa ndani wanakufa. Kanuni ya pili ina ukweli ambao sijauona mahali pengi: chombo cha dhalimu kimejaa watu unaowataka, na nguvu peke yake haikufikishi kwao.

Machi 2025 mjadala huu ulimfikia mtu ambaye yaelekea alitoka upande wetu wa Bahari ya Hindi. Assassin's Creed Shadows ina wahusika wakuu wawili, na mmoja ni Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano. Kitabu cha Wajesuiti cha mwaka 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Barua za walioishi naye hazisemi wazi. Yanayojulikana juu yake yanaweza kuenea katika ukurasa mmoja. Mwaka 1581 alipoingia Kyoto watu walisongamana kumwona hata wengine wakakanyagwa. Mtawala Oda Nobunaga alimwita, akaamuru aoshwe, kwa kuwa hakuamini kwamba ngozi ile ni rangi yake ya asili, kisha akavutiwa naye, akamchukua kutoka kwa Wajesuiti. Nakala moja ya wasifu wa Nobunaga inasema alipewa posho, nyumba na upanga mfupi, na mara nyingine alibeba silaha za bwana wake. Mwandishi wa shajara Matsudaira Ietada, aliyemwona njiani mwaka 1582, aliandika kimo chake, kama sentimita 188. Juni mwaka huo Nobunaga alishambuliwa katika hekalu la Honnō-ji na kufa. Yasuke alikwenda kupigana upande wa mwanawe, akakabidhi upanga wake, akarudishwa kwa Wajesuiti. Baada ya hapo hatajwi tena.

Kelele zilizopigwa kuhusu mchezo huo karibu zote ziliuliza kama alikuwa samurai au hakuwa, na nyingi, tuseme wazi, zilisukumwa na chuki ya kumwona mtu mweusi akishika upanga wa Kijapani. Mwaka 2024 Ubisoft ilitoa tamko ikikiri kwamba kumwita samurai ni jambo lenye mjadala. Mimi naona cheo si penye shida. Mtu aliyepewa posho, nyumba na upanga na mtawala mkuu wa nchi alikuwa ndani ya utumishi wa kishujaa kwa namna moja au nyingine. Shida iko katika kanuni za mwili wake. Katika mchezo Yasuke anazurura apendako kwa majuma, anavunja milango mizito kwa bega, anaangusha makumi ya watu katika ngome moja. Katika kumbukumbu, Yasuke anatembea msafarani mwa bwana wake. Anatazamwa. Anaoshwa na watu wanaotaka kujua kama rangi itatoka. Hakuna neno hata moja lililoandikwa kutoka kinywani mwake. Maisha yake yalikuwa ya kuwapo pale anapotakiwa, akitegemea upendeleo wa mtu mmoja, na mtu huyo alipokufa nafasi yake ikafa siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo ingekuwa kanuni yenye ukweli: nguvu inayotegemea kupendwa, na macho ya watu yasiyokuacha. Mchezo unagusa jambo hilo katika mazungumzo. Katika vitendo unampa uhuru ambao hata samurai wa kuzaliwa hakuwa nao.

Ninakiri kuna jambo moja ambalo gemu haiwezi kulifanya kwa urahisi kama kitabu, nalo ni kusema “labda”. Mwandishi anaweza kuandika kwamba huenda Yasuke alitoka Msumbiji. Mchezo lazima umpe sauti, lafudhi, mwendo. Ukuta uliobomoka lazima uwe na urefu fulani. Lakini hata hapa njia ipo. Mwaka 2018 Ubisoft ilitoa toleo la Assassin's Creed Origins, mchezo wa Misri ya Cleopatra, lisilo na mapigano, lenye ziara 75 za kuelimisha. Katika darasa moja wavulana na wasichana wameketi pamoja, na maelezo yanamwambia mtembeaji kwamba ushahidi unaonyesha wavulana ndio waliosomeshwa hivyo, na kwamba watengenezaji waliamua kuwaingiza wasichana kwa makusudi. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo. Angalau ameambiwa kwamba ni uamuzi.

Haya yote yanatuhusu kwa sababu zamu ya mwambao itafika, na mawe yako tayari. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeshayapima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa leza: Msikiti Mkuu na kuba zake, na jumba la Husuni Kubwa la sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Mtengenezaji mwenye fedha anaweza kuyasimamisha tena ndani ya kompyuta yakapendeza kuliko Notre-Dame ya Unity. Atakachohitaji kutafuta ni kanuni. Kilwa aliyoitembelea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 haikutajirika kwa kuteka dunia. Ilitajirika kwa sababu jahazi la kutoka Arabuni au India likisukumwa na kaskazi lingeweza kuifikia na kurudi na kusi katika msimu mmoja, lakini likipita zaidi kusini, kuelekea Sofala ilikotoka dhahabu, lilijiweka katika hatari ya kukwama mwaka mzima. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mchezo wa Kilwa ni upepo: mchezaji asiweze kuondoka apendapo. Ya pili ni mgeni, kwa maana mfanyabiashara anayengoja upepo kwa miezi anahitaji nyumba, mdhamini, mkopo, pengine mke, na aliyempa hivyo ndiye atakayepata shehena yake mwakani. Anayeshambulia wageni wake apate dhahabu siku moja na bandari tupu msimu unaofuata. Mreno Francisco de Almeida alipoipiga Kilwa mwaka 1505 hakuifuata kanuni hiyo, na mchezo ungeweza kumwonyesha mchezaji kwa vitabu vya hesabu, bandari kwa bandari, biashara ya dhahabu ikififia.

Kisha mtengenezaji atafika mwaka 1776, ambapo Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Hapo hatakuwa na mahali pa kujificha. Akiuruka mwaka huo, atakuwa amefanya kama Colonization. Akiufanya kuwa faida ya kujazia hazina, atakuwa ametengeneza Tetris nyingine, safari hii kwa Kiswahili. Kanuni ninayoweza kuifikiria ni hii: mkataba uwe mezani, bunduki na fedha za Mfaransa ziwe karibu nao, na mchezaji aliyeongoza mji kwa upepo na udhamini akute kwamba kila mtu anayemuuza ana kijiji katika njia zile zile za bara zinazomletea pembe na nafaka, na kwamba njia hizo hufunga moja baada ya nyingine wakazi wake wanapokimbia. Akiukataa mkataba naye alipe, kwa kuwa bandari za jirani hazitaukataa na bunduki zitakwenda kwao. Wazee wa Kilwa, wanahistoria wa Dar es Salaam na wachunguzi wa mambo ya kale wanaojua njia hizo zilipita wapi waitwe siku kanuni hiyo inapoandikwa, miezi mingi kabla ya mtu yeyote kuanza kuchora birika la pembe nane.